Kitufe Kimoja na Koti la Baba

Ndiyo, ni mimi. Yule msichana aliyeachwa na mchumba mbele ya watu wa soko la Ruiru, tena akijisomea mwenyewe kwa sauti jinsi anavyoachwa, ni mimi, na kama kuna mtu hapa alishasikia hiyo hadithi mahali pengine basi aisahau, kwa sababu watu wa Ruiru wameiongezea chumvi mpaka imekuwa ati nilizirai nikamwagiwa maji. Sikuzirai. Nilikuwa nimekaa vizuri kwa kiti, na kitu pekee kilichomwagika siku hiyo ilikuwa juisi ya Zuhura, na hiyo tutaifikia.

Nimeikumbuka kwa sababu ya juzi. Nilikuwa Thika na binti ya dada yangu, tumeingia mkahawa mmoja wenye waifai ya bure (bure ya kusemwa tu), ukitaka kuingia inakuletea ukurasa unaokuuliza jina, namba ya simu, siku uliyozaliwa, ukubali hiki, ukubali kile, ndio ikuachilie. Mtoto akaanza kujaza. Nikamwambia lete hiyo simu hapa, nikaanza kutafuta pa kupitia, kubonyeza huku na huku, naye ananiangalia tu. "Auntie, kwani ulikuwa mwizi?" Nikamwambia mlango kama huo nilishaupita kabla hujazaliwa, na haukuwa wizi, na leo bado nasema haukuwa wizi.

Sasa sikizeni. Miaka ya tisini ilikuwa inaisha, mtandao ndio umefika huku kwetu, na saiba ya maana kwa hiyo barabara yote, kwangu mimi, ilikuwa ya Abdalla pale Ruiru karibu na soko, kompyuta chache nyuma ya duka lake la vitambaa. Abdalla alikuwa na njia yake ya kufanya kazi. Hakuna mteja aliyegusa mashine kabla yeye hajaifungua. Ukifika unakuta kwa kioo kuna kisanduku cha kijivu kinataka jina na paswadi, Abdalla anavua kofia yake, anafunika nayo vidole, anaandika huko chini ya kofia kama mama anayenyonyesha kanisani, halafu anakufungulia na ile programu ya kuchati, anakuwekea jina lako, anazungusha kiti na kusema, "Karibu, dada, uko hewani." Kazi yako wewe ni kuongea. Unaandika maneno hapa, mtu wako anayaona huko Ulaya saa hiyo hiyo, anakujibu. Mimi nilichati hivyo miezi mingi na sikuwahi, hata siku moja, kuandika jina langu mwenyewe. Alikuwa ananiandikia Abdalla. Hiyo ishikeni, kwa sababu ndiyo iliyonimaliza.

Mtu niliyekuwa nachati naye alikuwa Kimani, mchumba wangu. Alisoma na Abdalla shule moja, bweni moja, halafu akapata nafasi ya kwenda kusoma Ulaya, na ndiye aliniambia nisihangaike na saiba za Thika, niende kwa Abdalla, huyo ni ndugu. (Ndugu kweli.) Kimani alikuwa amesema wazee wa kwao watakuja kwetu Makongeni, hapo Thika, kuniposa, na hatimaye siku ikapatikana, Jumamosi. Mama akanunua njahi, yale maharagwe meusi ya sherehe, za kutosha watu, viti vikaombwa kanisani, majirani wakaambiwa, na shangazi yangu, Tata Nyokabi, ambaye hajawahi kuambiwa kitu akakaa nacho, akawaambia wale ambao majirani walikuwa wamesahau.

Lakini Baba hakuwa ameridhika. Baba alikuwa amestaafu kazi ya kiwanda cha ngozi hapo Thika, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Alisema, "Binti yangu haposwi na wajomba. Nataka kumsikia huyo kijana mwenyewe. Akisema amewatuma, waje. Asiposema, hizo njahi mnaweza kuzipanda."

Basi nikapanga na Kimani, kupitia kwa Abdalla, kwamba Ijumaa mchana nitamleta Baba. Sikuwa nimeongea na Kimani vizuri siku za karibuni, kwa sababu kila Ijumaa nikienda Abdalla ananiambia line imekatika, pole dada, jaribu wiki ijayo. Na mimi namwamini. Narudi Makongeni nikilaumu watu wa simu.

Hiyo Ijumaa tukatoka, mimi, Baba na Tata Nyokabi. Baba alikuwa amevaa koti. Hilo koti Kimani alikuwa amemtumia kutoka Ulaya, jeusi, la sufu, vifungo vikubwa kama visosa vya chai, koti la mtu anayeishi na theluji, na jua la Ruiru siku hiyo lilikuwa linapasua mawe. Nikamwambia Baba alivue. Akasema mtu haendi kumsikia mkwe wake akiwa ameacha zawadi ya mkwe nyumbani. Jasho lilikuwa linamtoka mpaka kwa nyusi lakini alikuwa amefunga vifungo vyote. Na njiani akaniwekea sharti moja: "Utasoma kila neno. Usiruke hata moja."

Nikasema sawa. Ningejua ningekataa, lakini nilikuwa na miaka ishirini na kitu na nilikuwa najua mapenzi kuliko watu wote.

Kufika kwa Abdalla tukamkuta dada yake tu, Zuhura, anauza juisi ya ndimu pale mlangoni. Tata Nyokabi alikuwa ameokota marafiki wake wawili wa kuuza nyanya hapo sokoni, na hao wakavuta wengine, kwa hiyo tuliingia tukiwa wengi kama watu wa matanga. Mashine zote zinawaka, zote zina kile kisanduku cha kijivu.

"Kaka yuko msikitini," Zuhura akasema. "Na paswadi anaijua yeye peke yake. Ngojeni atarudi."

"Si alijua tunakuja?" nikamuuliza.

"Alijua. Alisema mkija mngoje."

Baba hakukaa. Alisimama katikati ya duka na koti lake, akaangalia hizo kompyuta, akaniangalia mimi, akasema pole pole, "Mtu akitaka binti ya mtu, mlango huwa wazi. Twende nyumbani. Nitatuma mtu awaambie hao wazee wasije."

Hapo ndipo nilifanya kitendo changu. Ningeweza kumbembeleza Baba. Ningeweza kumnunulia juisi akae. Lakini nilikuwa nimemaliza chuo cha usekretari pale Thika, cheti changu Mama alikuwa amekitundika sebuleni juu ya televisheni, na pale chuoni hakuna msichana hakujua kwamba zile mashine za wakati huo, kisanduku kikikuuliza paswadi na huna, unabonyeza kitufe cha Esc kule kwa kona juu, na kisanduku kinajiendea. Hicho tu. Mlango wa banda la kuku una nguvu kuliko huo.

Nikakaa kwa kile kiti cha Abdalla mwenyewe, ile mashine iliyokuwa na waya wa simu. Nikawaambia watu waangalie. (Ndiyo, niliwaambia waangalie. Hakuna aliyeniomba.) Nikasema kwa sauti, "Esc," nikabonyeza, kisanduku kikapotea, na wale mama wa nyanya wakashangilia kama nimefunga bao. Nikabonyeza picha ya simu, mashine ikapiga zile kelele zake za kukohoa na kupiga mluzi, Tata Nyokabi akashika msalaba shingoni, halafu kimya, tuko hewani, na programu ya kuchati ikafunguka yenyewe bila kuulizwa.

Sasa mtu mwenye akili angejiuliza imefunguka kwa jina la nani. Jina lilikuwa pale juu kwa kona, ABDALLA, hata mbuzi wa soko angeliona. Mimi sikuangalia. Sikuwa nimewahi kuhitaji kuangalia, jina langu kila siku nilikuwa nalikuta limeshawekwa. Niliona tu Kimani yuko hewani, moyo ukaruka, na kwa sababu Baba alikuwa amesimama begani kwangu sikuweza kuandika mpenzi wala nini, nikaandika kwa heshima: "Habari. Upo?"

Jibu likaja mara moja. Nikalisoma kwa sauti, ile sauti ya chuo, kichwa juu: "Nipo. Umerudi mapema leo. Wameshaenda?"

"Nani ameenda?" Baba akauliza.

Nami nikajibu bila kufikiria. "Anauliza kama wazee wao wameshaenda kununua vitu vya kesho." Mama mmoja wa nyanya akasema huyo kijana ana adabu. Nikaandika: "Bado."

Mnajua wasichana wa usekretari tulifundishwa kusoma kitu bila kuingiza maana kichwani, macho yanaenda, mdomo unaenda, akili imekaa nje inangoja. Basi ndivyo nilivyosoma linalofuata, kwa sauti safi, bila kukwama: "Basi waache wakae mpaka wachoke. Wambui akiuliza, mwambie line imekatika kama zile Ijumaa zingine."

Nilishamaliza sentensi ndipo nikasikia ni jina langu.

Hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya, ningependa wangecheka. Uso wangu ulikuwa moto kuliko hilo koti la Baba, na mkono wangu ukaenda kuzima mashine, kwa kweli, lakini Baba akaushika.

"Anajua ni sisi?"

Ndipo nikaangalia kule kwa kona. "Hapana, Baba. Anadhani ni Abdalla."

"Usimwambie bado. Muulize kwa nini."

Nikaandika. Tena bila kosa, niulizeni nani mwingine angeweza. "Kwa nini usimwambie ukweli?"

Jibu lilipokuja nikageuza uso, kwa hiyo Baba akatoa miwani mfukoni, akainama, akasoma mwenyewe, kidole kwa kioo, polepole na kwa sauti kubwa kama anavyosoma Jumapili kanisani ili hata waliokaa nyuma wasikie. "Nitamwambia. Nikishaoa. Harusi ni mwezi ujao. Na mtu wa huku. Nikimwambia sasa. Atapiga kelele. Na wazee wetu. Hata sijawatuma. Asante Abdalla. Kwa kumzungusha."

Zuhura alikuwa amekuja na jagi la juisi ili wageni wanywe wakisikia habari njema. Aliposikia jina la kaka yake jagi likainama lenyewe, juisi yote ikaingia kwa nguo nzuri ya Tata Nyokabi, na Tata hata hakuiangalia hiyo nguo.

"Muulize," Baba akasema, "na huyo babake?"

"Baba, tuache."

"Muulize."

Nikauliza. Kimani akajibu haraka, mtu anayefurahia kuongea na rafiki yake. Baba akainama tena na kidole chake. "Mzee. Si shida. Yule. Nilimmaliza. Na koti."

Nataka niseme hapa kitu ambacho watu wa Ruiru hawakisemi wakisimulia. Kuachwa niliweza kubeba, nilikuwa nimeshaanza kubeba pale pale kwa kiti. Lakini kumwona baba yangu amesimama na hilo koti, vifungo vimefungwa mpaka shingoni, jasho limemjaa, mbele ya wamama wa soko, amesoma kwa mdomo wake mwenyewe kwamba alinunuliwa kwa koti, hilo lilinipandisha hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Nilitaka kung'oa hiyo kompyuta na kuirusha mpaka Ulaya.

Baba akaanza kufungua vifungo, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Akasema, "Andika."

Nikaandika alivyosema, neno kwa neno: "Huyu ni babake Wambui. Nimesoma mwenyewe. Koti lako linabaki hapa kwa Abdalla."

Kisha nikaongeza langu, na hilo sikuambiwa na mtu, niliandika kwa herufi kubwa zote: "NA MIMI NI WAMBUI. ZILE KELELE ULIKUWA UNAOGOPA NDIZO HIZI." Nikalisoma kwa sauti vilevile, kwa sababu sharti lilikuwa kila neno, na hapo ndipo wamama wa nyanya wakacheka, lakini cheko la upande wangu. Huko Ulaya jina la Kimani likazimika. Sijawahi kuongea naye tena na sijapungukiwa na kitu.

Na ndio Abdalla anaingia. Kanzu nyeupe, kofia kichwani, na nyuma yake watu waliotoka swala wameona umati dukani kwake wakaja kuangalia. Akaona mashine yake iko wazi.

"Nani amefungua hii mashine?"

Nikavuta pumzi nijibu. Nilikuwa tayari, hata kama ni kupelekwa kwa chifu. Lakini Baba akasonga mbele, shati lake jepesi limeshikana na mgongo, koti mkononi.

"Ni mimi," akasema.

Huyu ni mtu ambaye nyumbani redio alikuwa anafunguliwa na Mama. Abdalla alimwangalia juu mpaka chini, akaona haiwezekani, lakini huwezi kumwambia mzee wa umri huo mbele ya watu kwamba anadanganya.

"Mzee, paswadi umetoa wapi?"

"Kwani binti yangu anafungiwa kwa paswadi?"

Abdalla akanigeukia mimi, akashusha sauti. "Dada Wambui, mngeningoja tu. Mimi nilikuwa nakuonea huruma. Sikujua nitaanzia wapi."

"Ungeanzia Ijumaa ya kwanza," nikamwambia, na mimi sikushusha sauti. "Unajua Mama amenunua njahi? Unajua viti vya kanisa viko kwetu? Huruma yako ingetuacha kesho tumekaa tunaangalia barabara. Umeniandikia jina langu miezi yote hiyo chini ya kofia, Abdalla, na kumbe unalijua kuliko mimi."

"Lakini kufungua mashine ya mtu ni wizi," akasema, kwa ile sauti ya mtu ambaye amebaki na hoja moja.

Ni Zuhura aliyemaliza hayo maneno. Alikuwa amepiga magoti anafuta juisi, na hata hakuinuka. "Kaka," akasema, "hebu rudi msikitini. Nadhani ulitoka kabla hujamaliza."

Baba akachukua lile koti, akalitandika juu ya kompyuta likafunika kioo chote, akalinyoosha kola vizuri, akatoka. Tukamfuata. Tukapita katikati ya soko, Baba na shati, mimi na macho mekundu, Tata Nyokabi ananuka ndimu, na habari ilikuwa imeshatutangulia, kwa sababu tukifika kwa meza za viazi tayari kuna mtu anaita, "Huyo ndiye Esiki!" Ni hicho kitufe, walisikia nikikitaja wakakigeuza jina. Nikawapungia mkono. Ungefanya nini wewe, ulie?

Nililia nyumbani, sitawadanganya. Nililia jikoni, na Mama akalia na mimi. Baba aliingia akatukuta hapo, akasimama mlangoni.

"Njahi zimelowekwa?"

"Zimelowekwa," Mama akasema.

"Basi zipikwe."

Na zilipikwa. Jumamosi watu walikuja, na walikuwa wengi kuliko walioalikwa, kwa sababu kila mtu alitaka kuona uso wangu. Nikawaonyesha. Nilivaa ile nguo niliyoshonewa ya kuposwa, nikapakua chakula mwenyewe, na mtu mmoja mjinga alipouliza wageni wenyewe wako wapi, Baba akamwambia, "Wageni ni nyinyi. Kuleni." Zuhura alikuja pia, peke yake, na ndoo nzima ya juisi. Yeye ni rafiki yangu mpaka leo.

Watu huniuliza kama nilijifunza. Nilijifunza. Nilijifunza kwamba ukipita mlango uliofungwa, kwanza angalia umeingia ukiwa umevaa jina la nani, na uangalie kabla hujaita watu washangilie. Hilo sitarudia. Na niliapa kwamba hakuna mtu mwingine ataniandikia jina langu chini ya kofia, awe bwana, awe benki, awe nani, na nimeishika hiyo kwa miaka yote hii, ndiyo sababu watu wa ofisi hawanipendi. Lakini kubonyeza kile kitufe? Ningekibonyeza tena leo, na Baba amesimama hapo hapo. Siku hizi nina kaduka Makongeni, fotokopi na vitu kama hivyo, waifai yangu haina paswadi, unaingia tu, na wateja wananiita Mama Esiki na naitika.

Baba alikufa bila kujua kompyuta inawashiwa wapi. Lakini mpaka mwisho, kila mara hiyo hadithi ilipotajwa na mtu akauliza ni nani hasa alifungua mashine ya Abdalla, alikuwa anasema ni yeye.